Kola Nyekundu za Gitothua

Mbwa akitajwa siwezi kuongea polepole. Watoto wangu wanajua, wateja wangu wanajua, na kaka yangu anajua kuliko wote, maana ndiye niliyempigia kelele miaka mingi zaidi. Mtu akiingia dukani kwangu Ngoingwa, Thika, pale ninapouza mbegu, dawa za mifugo na chakula cha kuku, akaniambia ati anatafuta kitu cha kumfanya mbwa wake awe mkali, naacha nilichokuwa nikipima nazunguka kaunta kumfuata. "Umempa maji leo? Anaona jua? Huo mnyororo una urefu gani?" Wengine hucheka, wengine huhamia duka la jirani. Siwezi kunyamaza, na kusema kweli sitaki.

Kwetu huku mbwa hufugwa hivi. Kukipambazuka anafungiwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kibanda ambacho akisimama mgongo unagusa mabati. Anashinda humo bila kuona mtu, kwa sababu watu wanaamini mbwa akizoea nyuso atakuwa mpole, na mwizi atampita akimpigapiga kichwani. Giza likiingia anafunguliwa azunguke ua, na yule anayeweza kuruka ukuta anazurura mtaa mzima hadi asubuhi. Si kwamba watu hawa wana roho mbaya. Ni watu wazuri, wanaokumbuka dawa ya minyoo ya mbuzi kabla ya kukumbuka dawa yao wenyewe. Ndivyo walivyokuta baba zao wakifuga, nao wakaendelea.

Mimi niliamini kwamba mtu akielezwa vizuri hubadilika. Kaka yangu aliamini vingine. Yeye anakaa Gitothua, Ruiru, jirani na mama yetu, na wakaazi walimchagua mwenyekiti wa mtaa kwa sababu anapenda sheria vile watu wengine wanavyopenda nyama choma. Kila Jumapili tukikutana kwa mama kunywa chai, tulikuwa tunaanza tena pale tulipoachia.

"Wewe ongea," alikuwa akiniambia. "Ongea mpaka koo likauke. Watu wetu hawasikii mpaka waone askari."

"Na askari akishaenda? Kibanda si kinabaki hapo hapo na mbwa ndani?"

Mama hakuwa anaingilia. Alikuwa anamega kipande cha kiazi kitamu, anakipuliza kipoe, kisha anamrushia mbwa wake pale mlangoni.

Mbwa huyo wa mama lazima nimweleze. Ni jike, mzee sasa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye sikio moja lililolegea. Hajawahi kufungwa hata siku moja. Mama akienda sokoni yuko nyuma yake, mama akiingia kanisani anamngoja langoni, na usiku analala juu ya gunia mlangoni pa mama. Baba alipotutoka tulimwomba mama aje akae kwangu Thika, akakataa. Alisema ana mbwa wake mlangoni, kwa hivyo analala usingizi mzuri, na tusimsumbue tena. Hakuwa anatania.

Basi mtoto mmoja wa shule akaumwa mguuni asubuhi akienda darasani, na mbwa aliyemuuma hakujulikana ni wa nani. Mtoto alidungwa sindano zote akapona, Mungu asifiwe, lakini hofu ya kichaa cha mbwa iliingia kila nyumba. Kaka yangu akaitisha mkutano wa wakaazi. Nilifunga duka nikaenda Ruiru, maana nilijua kitakachosemwa.

Kilisemwa. Kila mbwa wa mtaa achanjwe na avae kola nyekundu shingoni. Baada ya hapo gari la kaunti lizunguke, na mbwa yeyote atakayepatikana bila kola achukuliwe. Hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi. Mbwa waliokuwa wamechukuliwa mtaa wa pili hakuna hata mmoja aliyeonekana tena.

Nilisimama kabla hajaketi. "Mwenyekiti! Kwa hivyo mbwa auawe kwa kosa la mwenye mbwa?"

"Nataka mtoto atembee kwenda shule," akanijibu, na hakupandisha sauti.

Hilo liliniuma kwa sababu hata mimi nilitaka hilo. Nilipiga kelele tu hivyo hivyo. Watu wakagawanyika, wengine wakapiga meza, na mwishowe tukafikia hapa: kwanza nipewe nafasi ya kufundisha, halafu Jumamosi moja mbwa wote wachanjwe bure uwanjani kwa kanisa, na gari lije baadaye. Nilidai pia daktari wa mifugo apande gari hilo na kisanduku chake cha chanjo. Daktari mwenyewe hakutaka. Nilimganda, nikampigia simu asubuhi na jioni, mpaka akakubali ili apate amani.

Wacha nikuambie, wiki zile nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilisimama kanisani baada ya matangazo. Niliingia saluni wanawake wakiwa chini ya mashine za kukausha nywele, mahali ambapo mtu hawezi kukutoroka. Nilienda kwa stendi ya bodaboda, na vijana wakanizunguka.

"Mathe, lakini mbwa akidungwa si anakuwa soft?" mmoja akauliza.

"Wewe ulidungwa chanjo ukiwa mtoto?"

"Eeh, zote."

"Na mbona bado unaendesha hiyo pikipiki ni kama umeshikwa na wazimu?"

Walicheka mpaka wakaegemea pikipiki. "Hapo amekumaliza, buda!" Kabla sijaondoka, wawili walikuwa wamepiga simu nyumbani kuuliza mbwa wao alikunywa maji lini. Niliruka ruka pale barabarani kama msichana.

Nyumba iliyonishinda ni ile iliyopakana na ya mama. Familia hiyo ilitoka magharibi, upande wa Kakamega. Mke anauza mboga kando ya lango lao, mume anafanya kazi kiwandani, shifti ya usiku. Mbwa wao hakuna mtu aliyewahi kumwona. Tulikuwa tunamjua kwa sauti. Ukipita tu, lango linatetemeka, na kishindo cha mlio wake kinakufanya uvuke upande wa pili wa barabara. Watoto wa mtaa walikuwa wanasema ana ukubwa wa ndama.

Mume alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Madam, nimekuelewa vizuri. Lakini mimi jioni naenda kazi. Bibi yangu na watoto wanabaki hapa peke yao. Mbwa akianza kupenda watu, ni nani atawachunga?"

Nilimweleza kwamba mbwa anayewajua watu wake ndiye anayewalinda, na kwamba aliyefungiwa hulia tu, hajui analilia nini. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alinisindikiza hadi langoni, akanishukuru, akafunga komeo. Niliondoka nikijiambia huyu nimempata. Kumbe alikuwa na adabu tu.

Jumamosi ikafika! Nilikuwa kwa uwanja wa kanisa kabla ya daktari, na kaka yangu akaja na kikombe cha chai akiniambia nisivunjike moyo watu wasipokuja. Kwa muda hawakuja kweli. Halafu nikaona mzee mmoja akitokea kona na mbwa ndani ya wilibaro, amemfunika kwa gunia, kichwa tu kikiwa nje kikiangalia barabara kama bwana mkubwa. Nyuma yake mama mmoja na mbwa aliyefungwa kwa mshipi wa koti la kulalia. Halafu vijana wa bodaboda, mbwa katikati ya dereva na abiria. Halafu mtaa mzima! Mbwa kwa kamba ya kuanikia nguo, mbwa kwa nyaya za stima, mbwa wamebebwa mabegani wakining'inia miguu. Wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kuona mbwa mwingine, wakalia, wakachanganyana kamba, wenye mbwa wakaangushana, pasta akatoka nje kuona ni nini akajikuta ameshikishwa wawili. Nilikimbia huku na huku nikicheka na machozi yananitoka. Nilimpita kaka yangu nikampiga ngumi ya bega. "Umeona? Askari yuko wapi hapa?"

"Nimeona," akasema, naye anacheka. "Na wale hawajakuja, utawaona lini?"

Nilikuwa nashika kichwa cha mbwa wa mama wakati daktari anamdunga, mbele ya kanisa zima. Alivalishwa kola nyekundu, mama akairekebisha ikae vizuri, na wakaenda nyumbani wote wawili wametulia.

Sasa asubuhi ya gari. Kilichotokea kabla sijafika nilisimuliwa na mama baadaye, na nakiandika alivyokisema.

Gari la kaunti liliingia mtaa likaanza lango kwa lango. Mke wa yule jirani aliliona likiwa bado kwa kona. Mbwa wao hakuwa amepelekwa Jumamosi, mume alikuwa amelala kutoka kazini, na yeye mwenyewe alishikwa na woga. Akaja uani kwa mama. "Shosho, nisaidie na hiyo kola ya mbwa kidogo tu. Wakishapita narudisha."

Mtu wa mbali atashangaa mama alifikiria nini. Lakini pale kwetu ua haujawahi kuzuia kitu. Chumvi inapita, jiko linapita na makaa yake, ngazi inapita, hata sweta ya shule ya mtoto imewahi kupita asubuhi ya baridi. Jirani akikuomba kitu unacho, unampa, na hakuna maneno. Tena mama alijiambia hivi: mbwa wake anajulikana. Ni nani hakumwona akichanjwa? Kola ni ya wale ambao watu hawawajui. Akaifungua, akampa.

Naye mbwa, vile anavyopenda wageni, alitoka barabarani kuwapokea wenye gari.

Nilikuwa njiani, nimefika Witeithie, simu ikalia. Ilikuwa mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo. Wamemweka kwa gari."

Sijui nilifikaje. Najua niliingia ile barabara nikikimbia, kiatu kimoja mkononi. Gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, pikapu yenye kizimba cha waya nyuma. Ndani mlikuwa na mbwa wawili, mmoja nisiyemjua, wa kule chini mtaani, na wetu. Alikuwa amebana pua kwenye waya. Mama alikuwa ameshika waya huo huo kwa nje kwa vidole, na mbwa anamlamba vidole. Watu walikuwa wamejaa. Kaka yangu alikuwa amesimama kando ya dereva, na uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa.

"Mfungulie!" nikampigia kelele afisa wa kaunti, kijana mpole.

"Mama, mimi nafuata kile wakaazi wenu walipitisha. Hana kola. Muulize mwenyekiti."

Nikamgeukia kaka yangu. "Huyu ni mbwa wa maitu, wa mama yetu!"

"Najua ni wa maitu."

"Mwambie basi amfungue!"

"Nikimtoa huyu kwa sababu ni wa mama yangu," akasema, "yule mwenye huyo mwingine nitamwangalia na macho gani?"

Nilitaka kumzaba kofi. Na nilijua alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nilitaka kumzaba mawili. Nikamwendea mama. "Kola iko wapi?"

Mama akaangalia lango la jirani. Akaondoa macho upesi. "Imepotea," akasema.

Mama yangu hadanganyi. Hapo ndipo nilipoelewa yote, kwa mara moja, na nikaelewa pia kwamba hatasema, hata gari liondoke. Akisema, wa jirani anachukuliwa. Dereva aliwasha injini. 

Komeo la jirani likafunguka. Alitoka mume, amevaa fulana ya ndani, macho mekundu ya mtu aliyeamshwa na kelele. Mkewe alikuwa nyuma yake analia. Mkononi mwa mume mlikuwa na kola nyekundu.

"Zima gari," akamwambia dereva. Kisha akamwendea mama, akampa kola kwa mikono miwili. "Shosho, hii ni ya mbwa wako. Sikujua. Nisamehe."

Afisa akaangalia kola, akamwangalia mtu. "Na wako?"

"Wangu hana."

Ule mlio mkubwa ulikuwa unatetemesha lango kutoka kibandani.

"Basi mlete."

Alirudi ndani. Watu walio karibu na lango walisogea nyuma, wamama wakavuta watoto. Mimi mwenyewe nilisogea, sifichi. Tukasikia kibanda kikifunguliwa, na mlio ukakatika.

Alitoka amembeba. Alimbeba mikononi kwa sababu mbwa alikuwa amekataa kukanyaga nje ya lango, miguu imekufa ganzi kwa woga. Hakuwa na ukubwa wa ndama. Alikuwa mbwa wa kawaida, mwembamba, viwiko vimenyonyoka manyoya kwa kulalia mbao, macho ameyafumba kwa sababu ya jua. Alipowasikia watu wote wale alisukuma kichwa chake chini ya kwapa la yule mtu, akakojoa kwenye fulana yake. Mtoto mmoja alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe.

"Daktari!" nikapiga ukelele. "Kisanduku! Njoo hapa!" Kumbe daktari alikuwa ameshashuka. Afisa akamwangalia kaka yangu, na nikamwona kaka yangu akifikiria, akifikiria kweli kweli, vile anavyofikiria kila kitu.

"Tulipitisha achanjwe na avae kola," akasema mwishowe. "Hatukupitisha siku ya mwisho. Atakayechanjwa kabla gari halijatoka mtaani hajachelewa." Akageukia vijana wa bodaboda. "Nendeni chini haraka mkamwite mwenye huyu mwingine. Mwambieni akuje mbio!"

Pikipiki zikanguruma. Nami nikashika kile kichwa kilichojificha. Nilijua ni hatari kumshika mbwa aliyeogopa namna ile, lakini sikuweza kungoja. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sindano ikaingia, ikatoka, na kola nyekundu ikafungwa shingoni. Hakunigusa na jino. Alinusa kiganja changu, kisha akarudisha kichwa kwapani.

"Haumi," yule mtu akasema. Alikuwa ameketi kando ya barabara, mbwa mapajani. "Miaka hii yote. Haumi." Hakuwa anazungumza nasi. Alikuwa anapapasa vile viwiko vilivyonyonyoka, kimoja, halafu kingine, na hakuna mtu aliyemkaribia.

Mwenye yule mbwa wa kule chini akafika juu ya pikipiki, wake naye akadungwa na kuvalishwa kola, na kizimba kikafunguliwa. Mbwa wa mama aliruka chini, akamzunguka mama mara nyingi akilia kwa furaha, kisha akaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa mapajani, akamnusa masikio. Yule wa jirani alifungua macho. Alishuka mapajani, mguu mmoja, akaurudisha, akaushusha tena.

Jirani akanitazama. "Madam," akauliza, "mbwa wa watu huwa wanatembea wapi?"

Kwa yale yote niliyohubiri, kanisani, saluni, stendi, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Mkewe akaleta leso ya kubebea mtoto, ndiyo ikawa kamba, na tukaanza. Mtaa wote ulitoka malangoni. Mbwa alikuwa anatembea kama aliyewekewa mayai chini ya miguu, anasimama kwenye kila jiwe, kwenye kila nguzo ya lango, kwenye kila jani, na yule jirani, na haraka zake za kiwandani, alikuwa anamvuta aendelee. Mbele yetu kaka yangu alikuwa katikati ya barabara, mikono juu, akisimamisha bodaboda, malori ya maji, kila kitu. "Simameni! Mbwa anapita! Simameni nyote!" Nami nilikuwa nakimbia nyuma yao na kiatu changu mkononi, nikipiga kelele kuliko siku yoyote ya maisha yangu, "Usimvute! Mwache! Mwache anuse!"